Kadi ya Saba na Watu wa Mkekani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya zone, yaani wilaya ya afya, pale Kasongo nikiwa na viatu vipya vilivyonibana, nikakuta mlango umefungwa kwa kuwa nilimtangulia hata mwenye funguo. Nawaeleza haya ninyi mnaoanza kazi leo ili mjue kwamba mimi, Mama Feza, nilikuwa mtu wa bidii. Bidii sikuikosa hata siku moja. Nilichokikosa nitakisema mbele.

Kwenye karatasi kazi yangu iliitwa animatrisi, yaani mhamasishaji wa afya. Muuguzi humtibu aliyekwisha kuugua. Animatrisi huzunguka akifundisha watu wasiugue, au wakiugua wajue mapema pa kukimbilia. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Medsen Shefu, daktari mkuu wa zone nzima, mwanaume mrefu mwenye sauti ndogo. Alivitazama viatu vyangu, akatabasamu, kisha akanikabidhi sanduku la mbao.

"Mama, kazi yako yote iko humu ndani," alisema. "Lakini ukumbuke neno moja: picha iangalie watu, isiangalie weye."

Lile ndilo sanduku la picha. Ndani yake mlikuwa na kadi kubwa kama sinia. Upande mmoja una mchoro, upande wa pili una maneno ya mwalimu. Unaishika kadi kifuani, watu wanamwona mama anayenawa mikono, nawe kwa nyuma unasoma cha kusema. Palikuwa na kadi ya choo, ya maji ya kuchemsha, ya mustikere, yaani chandarua, na nyinginezo. Kadi ya saba ilikuwa ya alama za hatari kwa mwenye mimba: mwanamke aliyevimba uso na vidole, mkono mmoja kichwani kwa maumivu. Nyingine zote nilizipenda sawasawa. Hiyo ya saba naiona mpaka leo nikifumba macho.

Medsen Shefu ndiye aliyegundua kwamba watu wazima wenye ulemavu hawafiki kwenye mikutano yetu. Wakati ule tulisema vilema tu, wala hatukuona haya. Aliamuru wafanyiwe atelye zao, mafunzo ya siku mbili mbili, na mimi nikapewa kuyaongoza. Basi nikaazima viti kwa padri na mikeka kwa shehe, mpiga mbiu akazunguka mitaa na megafoni yake, na asubuhi watu wakaja: wengine wamesukumwa kwa velo, yaani baiskeli, wengine wamebebwa mgongoni, wengine kwa magongo yao wenyewe.

Hapa inabidi niwaeleze desturi yetu, maana ndiyo iliyonipofusha. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Huenda na gardemaladi, ndugu anayempikia, anayemfulia, anayemjibia daktari. Mgonjwa asiye na gardemaladi huonewa huruma na wodi nzima. Desturi nzuri, siitukani. Ila watu wenye ulemavu hatukuwaita kwa sababu ya ugonjwa, na bado kila mmoja alikuja na gardemaladi wake. Gardemaladi amechoka kusukuma velo, kwa hiyo anapewa kiti. Mwenye ulemavu anawekwa mkekani kando ya ukuta, asije akaanguka. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Ilijipanga yenyewe, nami nikasimama mbele ya viti.

Nilikuwa na sauti, jamani. Nikifundisha kuhusu kuhara, wauza mihogo walinisikia sokoni. Viti viliitikia, viti viliuliza, viti vilicheka nilipotania. Mwishoni nilifanya tathmini, maswali ya kupima kama somo limeingia, na viti vilijibu vizuri sana. Kisha orodha ya mahudhurio ikapita, gardemaladi wakatia sahihi, nami nikaandika katika ripoti: washiriki wameelewa. Niliandika hivyo miaka na miaka. Ilipokuja vita nililizika sanduku langu shambani, katikati ya mihogo, na vita ilipotulia nililifukua, nikapangusa udongo, nikaendelea kuandika vilevile.

Baadaye nilihamishiwa Kabambare. Huko hufiki ila kwa pikipiki, na njia ikiwa mbaya pikipiki ndiyo inayokupanda wewe. Mkuu wangu wa karibu alikuwa Supervizeri, msimamizi wa vituo vyote vya upande ule, kijana msafi aliyependa ripoti zilizojaa. Kwake orodha ndefu ilikuwa kazi nzuri, na mimi nilikuwa kipenzi chake kwa sababu orodha zangu zilikuwa ndefu kila mara.

Atelye ninayotaka kuwasimulia ilifanyika Lusangi, katika ukumbi wa shule. Miongoni mwa watu wa mkekani alikuwapo mwanamke aitwaye Mwamini. Ugonjwa wa utotoni ulimwachia miguu isiyosimama, akawa anatembea kwa mikono, na viganjani amevaa malapa ili changarawe zisimuumize. Alikuwa msukaji wa mikeka. Hata ule aliokuwa ameukalia siku ile ulitoka mikononi mwake. Gardemaladi wake alikuwa kaka yake mkubwa, Ramazani, mwenye duka dogo la sabuni na chumvi, mtu mwema ambaye hakuna mtu Lusangi asiyemwamini. Alikaa kiti cha mbele.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nilifika kadi ya saba. Nikaiinua. Ramazani akanyoosha mkono kwa adabu.

"Mama Feza, hiyo ya mimba uiache tu," alisema. "Hapa hakuna mwenye kuolewa. Utupatie ya mustikere, watu wasisikie njaa bure."

Viti vikacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Nikairudisha kadi ya saba sandukuni, nikatoa ya nane. Wakati naigeuza nikaona pale ukutani mkono umeinuliwa, na lapa bado liko kiganjani. Alikuwa Mwamini. Nikamtazama Ramazani, nikamwuliza yeye:

"Dada yako anataka nini?"

"Iko na kiu," alijibu. "Mumuletee maji."

Nikamletea mwenyewe, katika kikombe cha bati. Akanitazama kidogo, akanywa yote, akarudisha kikombe. Nilijisifu moyoni kwamba mimi si kama wengine, mimi huwahudumia hadi wa mkekani.

Hazikupita wiki mbili. Mchana mmoja nilikuwa hospitali ya Kabambare nikichukua sabuni za kituo, nikaona wanaume wanne wanaingia mbio na kipoyi, ile machela ya miti ambayo watu huibeba mabegani. Ramazani alikuwa wa mbele kushoto, jasho limemwagika hadi tumboni. Juu ya kipoyi alikuwa Mwamini, uso umevimba hata sikumtambua, mwili unarushwa na degedege. Ni degedege la mimba. Huletwa na tansio, yaani damu inayosukuma kwa nguvu kuliko inavyopaswa, na kabla halijaja hutoa alama: uso kuvimba, vidole kuvimba, kichwa kuuma, macho kuona ukungu. Zote zilikuwa zimechorwa katika kadi ya saba.

Daktari na wakunga walipambana kwelikweli. Mwamini wakamwokoa. Mtoto, wa kiume, hawakuweza kumwokoa.

Ramazani alikaa sakafuni nje ya wodi, akirudia neno moja tu: "Sikujua. Sikujua iko na mimba." Nami nilimwamini. Mwamini alikuwa akikaa chini siku zote, amejifunga vitenge viwili, na hapana aliyekuwa na desturi ya kumtazama kama mwanamke. Baba wa mtoto alikuwa mjane mmoja jirani, mkulima wa mpunga, aliyekuwa akinunua mikeka mingi kuliko nyumba yake ilivyoweza kutandika. Watu wote walidhani anapenda mikeka.

Siku ya nne nilikwenda kuketi kitandani kwake. Mimi mwenye sauti ya kufika sokoni nilibaki nikinyoosha shuka. Ni yeye aliyeanza.

"Mama Feza, ile siku sikukuwa na kiu."

Nikamwuliza alitaka nini.

"Nilitaka nikuulize vidole. Vidole vyangu vilikuwa vinavimba, uzi wa mukeka unaniponyoka. Niliona kama ile picha uliyoficha ilikuwa na vidole. Lakini maji yalikuwa yameisha kuletwa, basi nikakunywa."

Nililia. Sioni aibu kuliandika. Nililia pale kitandani hadi mgonjwa akanibembeleza mimi, jambo ambalo nalo si adabu.

Ilibaki ripoti. Supervizeri aliisoma, akanirudishia kwa ncha ya vidole. Nilikuwa nimeandika: animatrisi aliiruka kadi ya saba.

"Mama, unajichoma bure," alisema. "Andika familia ilichelewa kumuleta. Ni kweli pia."

"Ni kweli," nilimjibu, "lakini si yangu. Yangu ni hiyo ya kadi."

Alikasirika, akaipeleka Kasongo jinsi ilivyo ili nikaadhibiwe huko. Niliitwa. Nilisafiri siku mbili juu ya pikipiki nikiwa nimekwisha kuiaga kazi moyoni. Medsen Shefu alikuwa bado yuleyule, nywele tu ndizo zimebadilika. Aliivua miwani.

"Ni nani alikwambia uiruke kadi?"

"Watu wa viti, Dokta."

"Na wale wa mukeka walisema nini?"

"Sikuwauliza."

Akaifuta miwani kwa pindo la shati. Nilitamani apaze sauti, lakini hakuwa mtu wa hivyo.

"Basi rudi ukawaulize," alisema, akavaa miwani yake.

Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, nami nimeitumikia hadi kustaafu.

Niliporudi Lusangi kwa atelye iliyofuata, viti vyote niliviweka nje, kwenye kivuli cha ukuta. Nikawaambia gardemaladi kwa heshima kwamba wao watangoja huko, wakihitajiwa wataitwa. Mnafikiri walifurahi? Ramazani alisimama mlangoni.

"Miye nilimubeba huyu toka akiwa mutoto," alisema. "Kwa mugongo, kwa velo, na juzi kwa kipoyi. Leo munanitupa inje kama ganda la ndizi?"

Alikuwa na haki ya kuumia. Angekuwa mtu mbaya asingeumia. Nikaona naanza kulegea, nakaribia kumwambia haya basi, ingia. Ndipo Mwamini aliponitangulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nyumbani tangu hospitali.

"Yaya," alimwita, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka au dada mkubwa, "hakuna mutu anakutupa. Ukae pale inje, karibu. Nikikuhitaji nitakuita. Nitakuita na mudomo wangu."

Ramazani akatoka. Nikaufunga mlango nusu, nikavua viatu, nikaketi mkekani pamoja nao, kadi magotini. Ndipo mzee mmoja wa magongo, aitwaye Papa Kalonda, akaangua kicheko.

"Leo huyu mama wa picha iko na kichwa! Miaka yote sisi tunaona miguu yake tu. Kichwa kilikuwa kinafichwa na watu wa viti."

Wote wakacheka. Picha iangalie watu, nilikuwa nimeambiwa siku ya kwanza, na nilijiona mwalimu hodari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mkeka usioukalia hujui unaonyesha nini.

Siku ile tuliimaliza kadi ya saba peke yake. Waliuliza maswali ambayo viti havikuwahi kuuliza. Mwanamke asiyeona aliuliza atajuaje kama uso wake umevimba, tukajifunza pamoja kubonyeza ngozi kwa kidole na kuhisi kama shimo linabaki. Papa Kalonda aliuliza mambo ya mume na mke ambayo sitayaandika hapa. Mwamini alisimulia mwenyewe, tangu vidole hadi kipoyi, bila kushusha sauti. Tulipofungua mlango tukamkuta Ramazani ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Sikujua huyu mutoto iko na sauti kali vile," aliniambia.

Orodha yangu ya mahudhurio ilirudi fupi nusu, imejaa alama za dole gumba badala ya sahihi za mbwembwe. Supervizeri aliuliza ataipeleka wapi orodha kilema kama hiyo. Nilimwambia aipeleke vilevile inavyotembea. Hakunipenda tena, lakini baada ya muda alianza kuwauliza animatrisi wengine wameketi wapi wakifundisha, na kwa hilo namshukuru.

Yule mjane wa mpunga naye alikuja kuposa, safari hii kwa mlango wa mbele, na wazee wake. Ramazani aliwakaribisha vizuri, akawapa kahawa, kisha akasema hawezi kujibu, wamngoje mwenye jibu. Akamwita Mwamini. Majirani waliongea wiki nzima. Mimba ya pili Mwamini aliileta mwenyewe kupimwa kila mwezi, tansio ikiangaliwa, na alipokaribia siku zake alihamia Kabambare akakaa karibu na hospitali, na mjane wake akimpikia ugali mbaya. Akajifungua mtoto wa kike. Nilitegemea, sitawadanganya, kwamba atampa jina langu. Alimpa la mama yake.

Nilipostaafu sanduku la picha nililiacha mikononi mwa Mwamini, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwa relé, mjitolea wa afya wa kijiji, na alifundisha vizuri kuliko mimi. Baadhi ya kadi alizitupa. "Hii ya choo inaonyesha ngazi tatu," aliniambia. "Nani wetu atazipanda?" Alichora nyingine.

Sasa ninyi vijana mnasubiri mzee awape hekima ya kustaafu. Ninayo moja tu, na sikuipata kazini.

Mwaka nilioanza kupumzika, tansio ile niliyoipima kwa watu ilinikumbuka na mimi. Asubuhi moja upande wa kushoto ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Nimebaki na mguu wa kuburuta na maneno yanayotoka polepole. Nakaa Kasongo kwa binti yangu Zawadi, ananilisha, ananiosha, hanikosei kitu. Akija mgeni akaniuliza habari, Zawadi hujibu: mama amelala vizuri, mama hapendi chumvi siku hizi. Mara nyingi anapatia. Hapo ndipo nilipomwelewa Mwamini, si kwa machozi ya hospitali bali sasa.

Juzi Mwamini aliitwa kuja kufundisha hapa Kasongo, na mpiga mbiu akapita kuwaita watu wenye ulemavu. Nilimwambia Zawadi anipeleke. Alishangaa. "Mama, ile ni ya vilema," alisema, kisha akajishika mdomo. Nikamwuliza velo iko wapi.

Ukumbi ulikuwa uleule niliofundishia zamani. Wakanikalisha mkekani, mgongo ukutani, na gardemaladi wakatolewa nje. Zawadi alikataa kwenda mbali, akasimama mlangoni. Mwamini alifundisha ameketi katikati yetu, malapa yake ameyapanga ubavuni, kadi inaonekana yote, kichwa na miguu. Alipouliza nani ana neno, niliinua mkono wa kulia, ule mzima. Nikafungua mdomo, neno likakwama.

"Mama iko na kiu," Zawadi akasema kutoka mlangoni. "Mumuletee maji."

Mtu mmoja akaanza kuinuka kwenda mtungini. Mwamini akamzuia kwa kiganja.

"Zawadi mwanangu, ngoja kwanza," alisema, bila ukali. Kisha akanigeukia mimi, akakaa, akangoja. "Mama Feza. Ulikuwa unasema nini?"

Walingoja wote. Nilichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kumpa mtu yeyote katika atelye zangu. Nilitaka kujua namna ya kuanguka bila kuumia. Zawadi hataki nitembee peke yangu kwa kuogopa nitaanguka, nami nilijua watu wale wameanguka maisha yao yote na bado wako hai. Neno moja likatoka, kisha la pili, na swali lilipokamilika mkeka mzima ukacheka kwa furaha, kila mtu anataka kunionyesha.

Kusema kweli, kiu pia nilikuwa nayo. Zawadi hakukosea. Lakini maji niliyaomba baadaye, kwa mdomo wangu mwenyewe, na yakaletwa.